Barometa ya simu inashuka kila mchana: je, kimbunga kinakuja?

SWALI: Mtaalamu, habari ya kazi. Nina boti ya faiba ya futi 23 yenye mashine ya 40. Tunavua kwenye mlangobahari wa Zanzibar, maili 15 hadi 20 kaskazini ya Msasani. Tangu mwisho wa Agosti hali ya hewa haishikiki: asubuhi shwari, mchana kusi kali, mara manyunyu, mara siku tatu za upepo usiokata. Kijana wangu ameweka barometa, kipima mgandamizo wa hewa, kwenye simu. Siku tatu mfululizo mgandamizo ulishuka kutoka 1018 saa nne asubuhi hadi 1015 saa kumi jioni, tukakatisha safari na kurudi. Siku ya nne saa nne ulisoma 1020, tukasema leo salama, tukaenda. Wakati wa kurudi tulipigwa vibaya. Programu ya simu ilikuwa imeonyesha jua na upepo wa kilomita 22 kwa saa. Kwenye kundi letu la WhatsApp unazunguka ujumbe kwamba kimbunga kinakuja. Tuamini kipi?

JIBU: Nahodha, zile siku tatu mlizokatisha safari barometa haikuwaonya chochote. Siku mliyojiona salama ndiyo iliyowaonya, ila mmefundishwa kuisoma kichwa chini miguu juu.

Kwenye ukanda wetu, karibu na ikweta, mgandamizo wa hewa hupanda na kushuka mara mbili kila siku, iwe kusi au kaskazi, iwe jua au mvua. Huwa juu karibu na saa nne asubuhi na saa nne usiku, na chini karibu na saa kumi alfajiri na saa kumi jioni. Tofauti ya mchana ni kama hektopaskali 3 (hektopaskali ndicho kipimo cha hizo namba zenu). Chanzo ni jua linalopasha joto anga la juu, na wimbi hilo la hewa huizunguka dunia likilifuata jua. Kwa hiyo 1018 saa nne na 1015 saa kumi ni siku ya kawaida kabisa. Ukikuta siku ambayo mgandamizo *haukushuka* mchana, hapo ndipo pa kujiuliza.

Wapo wanaodai kwamba ni maji ya bahari yanayousukuma mgandamizo, kwa sababu hapa kwetu siku za bamvua (maji makubwa) maji hupwa karibu na saa nne na kujaa karibu na saa kumi. Ni saa kugongana tu. Subirini maji mafu (maji madogo): saa za kupwa na kujaa zitahama, barometa itabaki palepale kwenye saa nne na saa kumi.

Sasa ile siku ya nne. Kusi ya Agosti na Septemba huendeshwa na mgandamizo mkubwa wa hewa ulioko kusini: ule wa upande wa visiwa vya Mascarene, na ule unaojijenga mashariki ya Afrika Kusini kila hewa baridi inapopita huko. Ukijijenga, hewa baridi na nzito husukumwa kuja kaskazini kupitia mlangobahari wa Msumbiji, na baada ya siku moja hadi tatu pwani yetu hupata kusi ya nguvu. Hewa nzito inapokuja, mgandamizo hupanda. Hiyo 1020 ya saa nne, mkiilinganisha na 1018 ya saa nne ya jana yake, ndiyo iliyokuwa habari. Upepo hautokani na namba ya mahali mlipo bali na tofauti kati ya huko na huku: kusini kukiwa 1030 na Msasani 1018, hewa itakimbia kuja kwetu hata kama anga yenu ni ya buluu tupu.

Hii imani kwamba mgandamizo ukishuka ni dhoruba na ukipanda ni salama imeletwa na vifaa vilivyotengenezwa kwa ajili ya Ulaya. Kuna barometa za shaba zinazouzwa kwa wenye boti zikiwa na maneno ya mvua, mabadiliko na ukavu yaliyochapwa kuzunguka mshale. Maneno hayo yana maana kidogo kwenye nchi ambako mgandamizo huyumba hektopaskali 30 au 40 ndani ya wiki. Huku kwetu mwaka mzima mshale huzunguka eneo dogo sana, na sehemu ya mzunguko huo ni ule wa kila siku. Muuzaji anayekwambia kifaa hicho kitakupa dhoruba saa sita kabla anakuuzia pambo la ukutani. Programu za simu zinazolia kengele kila mgandamizo ukishuka hektopaskali 2 ni balaa zaidi, kwa kuwa zitalia karibu kila alasiri, na baharia aliyezoea kengele ya uongo hataamka siku ya kweli.

Barometa inafaa ikitumiwa hivi. Soma mara moja kwa siku, saa ileile, simu ikiwa mahali palepale. Mahali ni jambo la msingi: ukipanda mita 8 tu mgandamizo hupungua kama hektopaskali 1, kwa hiyo simu iliyosomwa ghorofani jana na ufukweni leo itakuonyesha mabadiliko ambayo hayapo. Andika kwenye daftari, linganisha saa nne na saa nne. Ikipanda 2 au zaidi kwa siku moja wakati wa kusi, tarajia upepo kuongezeka. Ikishuka chini ya kawaida ya saa hiyo kwa msimu huo kwa hektopaskali 3, anza kushuku. Ikifika 5, usitoke kabisa. Hiyo ya 3 na 5 ni kanuni ya zamani ya mabaharia wa bahari za joto, na haifanyi kazi bila kwanza kuondoa mpando na mshuko wa kila siku.

Kuhusu programu na zile kilomita 22: haikudanganya, ila mliisoma kama kikomo. Namba hiyo ni wastani wa upepo kwenye mraba wenye upana wa kilomita kadhaa, mara nyingi 9 hadi 25, ambao upande mmoja unaweza kuwa nchi kavu na mwingine bahari. Mivumo ya ghafla huupita wastani kwa nusu yake bila ajabu yoyote, kwa hiyo 22 inabeba 33 ndani yake. Na nguvu ya upepo hupanda kwa mraba wa kasi: kutoka 20 hadi 40 si mara mbili, ni mara nne. Picha ya jua ndiyo isiyowahusu kabisa. Inazungumzia mawingu. Siku kali za kusi mara nyingi huwa kavu na angavu, na manyunyu ya mchoo (mvua ndogo za kipupwe) ya alfajiri hayasemi lolote kuhusu saa nane mchana. Rasharasha ina hatari yake ya dakika chache: mkiona wingu jeusi chini yake pazia la mvua, na upepo umegeuka baridi ghafla, punguzeni mwendo na geuzeni omo (mbele ya boti) kuukabili kabla haujafika.

Shwari ya asubuhi nayo si dalili ya chochote. Usiku nchi kavu hupoa, umande (upepo wa nchi kavu) hutoka barani na kuizuia kusi isifike ufukweni. Jua likipanda nchi hupata joto haraka, na mwisho wa kipupwe bahari iko kwenye baridi yake kubwa ya mwaka, nyuzi 25 au 26, kwa hiyo matlai (upepo wa kutoka baharini) huja na nguvu na kujiunga na kusi. Kilele ni kati ya saa nane na saa kumi. Mnaotoka saa kumi na mbili asubuhi kwa kutazama maji ya ufukweni mnatazama kitu ambacho saa tano baadaye hakitakuwepo.

Kinachofaa kutazamwa kabla ya kutoka ni mawimbi ya mbali. Hesabu sekunde kati ya kilele cha wimbi moja na jingine pale yanapopasukia mwamba wa nje. Mawimbi ya upepo wa hapahapa huwa ya sekunde 4 hadi 6. Yakianza kuja marefu, sekunde 10 na zaidi, na upepo bado haupo, kuna upepo mkubwa uliovuma kusini na mara nyingi uko njiani. Kisha soma taarifa ya bahari ya TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania), jioni na tena alfajiri, kwa sababu utabiri hufanywa upya na ule wa jana mchana umeshachakaa. Wakiandika upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2, hiyo mita 2 si wimbi kubwa kuliko yote. Urefu unaotangazwa ni wastani wa theluthi ya mawimbi makubwa, na ukikaa humo saa kadhaa utakutana na moja linalokaribia mara mbili yake. Boti ya futi 23 haina kazi kwenye maji hayo.

Kosa lenu jingine ni la njia. Mnapokwenda kaskazini kusi iko tezini (nyuma ya boti), boti inateleza, kila mtu anaona bahari nzuri. Upepo uleule ukiwa usoni wakati wa kurudi ni bahari nyingine, na mlangobahari ule si wa kina kirefu, sehemu kubwa ni mita 30 hadi 50, mawimbi yake ni mafupi na yamesimama. Kama mmetumia lita 20 kwenda, hesabuni 30 za kurudi na 10 zisizoguswa. Anzeni kurudi saa tano, si saa nane. Mkishakamatwa, msiende moja kwa moja dhidi ya wimbi wala msiliweke ubavuni: lichukueni kwa pembe kati ya omo na bega, mwendo wa kutosha kuushika usukani tu, samaki na barafu chini katikati, kamba ya kuzimia mashine imefungwa mkononi mwa anayeendesha, maboya yamevaliwa na si yamekaliwa. Na msiingie mlango wa mwamba maji yakiwa yanapwa siku za bamvua. Maji yanayotoka hukutana na mawimbi yanayoingia na kuyasimamisha wima. Subirini nje mpaka maji yasimame.

Kimbunga: hapana. Msimu wake katika kusini magharibi ya Bahari ya Hindi ni Novemba hadi Aprili, na vinavyokumbukwa zaidi kwenye pwani yetu vimekuja mwishoni mwa msimu huo au muda mfupi baada yake. Kile kilichoibomoa Unguja kilikuwa tarehe 15 Aprili 1872, cha Lindi tarehe 15 Aprili 1952, na Hidaya kilifika Mafia mwanzoni mwa Mei 2024. Agosti na Septemba bahari ni baridi mno kwake. Kimbunga cha kweli kina jina, mahali kilipo kwa digrii, uelekeo na kasi, na TMA hukitolea taarifa kwa ngazi zinazojulikana: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Ujumbe usio na hata kimoja kati ya hivyo, ulioandikwa "sambaza kwa uwapendao", ufuteni.

Wanaosumbua zaidi siku hizi si wasambazaji wa ujumbe bali wauzaji wa utabiri wa siku 30 kwa vikundi vya wavuvi, kwa ada ya mwezi. Upepo wa siku fulani na saa fulani hautabiriki kwa kutegemewa zaidi ya siku tano hivi. Anayekuuzia upepo wa tarehe 27 leo tarehe 2 anakuuzia kalenda ya msimu, ambayo kila mzee wa pwani anaijua bure: asubuhi umande, mchana kusi, manyunyu hapa na pale. Akisema hivyo kila siku atapatia siku nyingi, na wavuvi watamwona bingwa. Kabla kikundi hakijalipa, mwambieni aandike kwa tarehe siku ambazo kusi itavuka kilomita 35 kwa saa na siku itakazolegea, karatasi ikae kwa mweka hazina. Pembeni yake kijana mmoja aandike kila jioni "kesho kama leo". Mwezi ukiisha hesabuni nani kapatia zaidi, halafu ndipo mzungumze habari ya ada.