Gauni la kwanza: maswali yenu ya ushonaji

Barua karibu zote za safari hii zinauliza kuhusu gauni lile lile: la kuvalia kichwani, lisilo na zipu, mikono mifupi, linalotanuka kidogo kuelekea chini. Nimefurahi sana, maana ndilo ninalomwanzishia kila binti anayekuja kujifunza kwangu hapa Majengo, Moshi.

Nilipakua pateni (karatasi za kukatia gauni) kwenye simu, nikaiprinti steshenari na kuunganisha karatasi. Nimefuata saizi yangu, lakini gauni halipiti kifuani. Nimekosea wapi? (Msomaji, Pasua)

Pole, mdogo wangu. Mkasi wako hauna kosa, karatasi ndiyo iliyopungua. Printa ikiachwa ijiamulie hubana ukurasa ili uenee kwenye A4. Mwambie kijana wa steshenari aweke asilimia 100, na kabla hujalipia kurasa zote, printi ule wenye mraba wa kupimia na uuwekee rula pale pale kaunta. Mraba wa sentimita 5 ukitoka 4.8, kwenye kifua cha sentimita 100 umeshapoteza 4.

Tena usifuate saizi unayovaa kwenye mitumba ya soko la Memorial. Pima kifua, kiuno na nyonga kwa futi, kisha usome jedwali la pateni yenyewe. Angalia pia kama nafasi ya mshono, yaani ukingo wa ziada unaobaki ndani ya mshono, imo. Nyingi huweka sentimita 1.5, nyingine zinakuachia uongeze mwenyewe.

Hilo ulilokata usilitupe. Fumua ubavuni, uingize kipande kirefu cha rangi nyingine kuanzia kwapani hadi chini, kila upande. Linapendeza.

Nina doti ya khanga niliyopewa na mama mkwe. Naweza kuitoa gauni bila kuliharibu jina? (Mama wawili, Arusha)

Unaweza, na swali lako limenigusa, kwa sababu khanga uliyopewa na mtu huwezi kuikata kama kitambaa cha kawaida.

Khanga moja ina takriban sentimita 150 kwa 110. Jina linasomeka kwa upande mrefu, kwa hiyo urefu wa gauni utautoa kwenye zile 110: ukiondoa mshono wa begani, linafika magotini kwa wengi wetu. Khanga moja iwe mbele, ya pili nyuma. Tandika ya kwanza sakafuni, tafuta katikati ya jina (si katikati ya kitambaa, maana mara nyingine hupishana kidogo) na ukunje hapo. Pitisha kiganja juu ya mkunjo hadi ulale, ndipo uweke pateni.

Sasa pindo. Pateni ya gauni la kutanuka huwa na mviringo chini, na mviringo ule utalikata pindo la khanga pembeni. Nyoosha mstari wa chini uwe sawa na pindo, upunguze na ule mtanuko. Pindo la khanga liwe ndilo upindo wa gauni, likunjwe kidogo tu. Mikono na mifuko toa kwenye mabaki ya pembeni. Yapo mengi.

Ila usianzie hapo, dada yangu. Kata kwanza shuka kuukuu, shona, vaa, inua mikono, kaa kwenye kiti. Doti ya mama mkwe ni moja tu.

Kitenge yadi ngapi, na ni lazima nikiloweke?

Yadi 3 zinatosha mwili wa kawaida kwa gauni la magotini, hivyo kipande cha yadi 6 kinatoa mawili. Kuloweka ni lazima kwa pamba. Gauni la kitenge nililomshonea binti yangu wa kwanza sikuloweka, na lilipofuliwa mara moja tu likapanda juu ya goti. Alililia. Loweka, anika, piga pasi, ndipo ukate.

Shingo yangu inalegea na kukaa wazi.

Umeivuta wakati wa kushona. Ukishakata tu, pitisha mshono mmoja kuzunguka shingo, karibu na ukingo, kabla hujaunganisha mabega.

Cherehani inaruka mishono.

Badilisha sindano. Kwa kitenge na khanga tumia namba 14, na uhakikishe umeisukuma hadi juu kabisa.

Gauni hili moja litafaa kanisani, ofisini na baridi ya Julai?

Ndiyo, ukilishonea mkanda wa kitambaa hicho hicho. Ukifunga kiunoni, ni la ofisini. Ukiuacha nyumbani, ni la jikoni na sokoni Mbuyuni. Kwa Julai acha nafasi ya vidole vinne zaidi kifuani, ili fulana ya mikono mirefu iingie ndani na sweta likae juu bila kukubana kwapani.