Nani Atakushusha?

Fundi wa miti aliyestaafu anajibu barua za wasomaji

*Mzee, salamu. Nyuma ya jiko langu hapa Bugembe, Uganda, kuna mparachichi mkubwa kuliko nyumba. Umeinamia paa, na tawi moja liko karibu na waya wa umeme unaoingia ndani. Kijana wa mtaani anataka shilingi 70,000, atakuja na panga na kamba. Wengine wametoka Jinja mjini, wana kofia na mikanda ya kupandia, wametaja 650,000. Mume wangu anasema mti ni mti. Je, hiyo tofauti yote ni bei ya kofia? — Mama wa Bugembe*

Mama, mume wako mpe salamu zangu, lakini mti si mti. Mparachichi ndio mti niliouogopa kuliko yote katika miaka 26 ya kupanda. Miti mingine hulia kwanza, ukasikia, ukapata muda wa kujishika. Mparachichi hukatika kama muhogo. Tawi nene kama paja langu, lina majani na matunda, nalo halina nguvu ya kubeba mtu. Basi kijana anayepanda huo kwa kamba moja ya katani na panga kiunoni, mimi hata picha yake sitaki kuiona.

Ila usidhani nawasifu wale wenye kofia. Nimewahi kuona kofia zinaazimwa asubuhi ili mteja azione, saa nne zimeshatundikwa kwenye pikipiki. Kabla hujakubali bei ya mtu yeyote, waulize hivi: ukikwama juu, nani atakushusha? Kisha nyamaza uwatazame. Wakianza kutazamana, wape chai waende zao.

Nakuambia kwa sababu mimi nilikwama. Ilikuwa Njeru, juu ya mkalitusi, mwaka 2009. Tawi nililolikata lilizunguka badala ya kushuka, likanibana mkono wa kushoto kwenye shina. Nilikuwa kwenye mkanda, sikuanguka. Chini walikuwepo vijana wawili wa kuvuta kamba, watoto wazuri, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kupanda mti zaidi ya mwembe wa kwao. Walikimbia kutafuta ngazi. Ngazi ilitoka kwenye kanisa lililokuwa linajengwa, na ilikuwa fupi. Kumbe mtu akining'inia kwenye mkanda bila kusogeza miguu, damu hubaki miguuni, kichwa kinakuwa chepesi, anaweza kuzimia akafa hapo hapo bila jeraha lolote. Mimi nilidhani ni njaa. Aliyeniokoa ni fundi antena aliyekuwa anapita njia, akapanda na kamba yake mwenyewe. Tangu siku hiyo sikupanda tena bila kuwa na mpandaji wa pili chini, amevaa mkanda wake tayari, na kamba yake iko karibu. Huyo mtu hakati kitu siku nzima, na lazima alipwe. Mama, sehemu kubwa ya zile 650,000 ni yeye. Au inapaswa kuwa yeye.

Nyingine ni kamba za kushushia. Mparachichi wako hauangushwi, maana hakuna pa kuuangusha. Unashushwa kipande kwa kipande. Mahali penye nafasi ya kuangusha mti mzima, watu wasiohusika hukaa mbali angalau mara mbili ya urefu wake. Kwako wewe hiyo ina maana jiko lifungwe, watoto waende kwa bibi, na kuku pia. Uliza kamba ina umri gani. Uingereza wana sheria ya mwaka 1998 inayotaka vifaa vinavyombeba mtu vikaguliwe na mjuzi kila miezi 6. Mimi kamba yangu ya kushushia niliikagua siku ilipokatika, na tawi likaenda kwenye migomba ya jirani. Huku kwetu, katika miaka yangu yote, hakuna mteja aliyewahi kuniuliza cheti. Wanauliza bei.

Waya usiguswe na mtu, hata kwa mti mkavu, hata kama kijana anasema ameshazoea. Watu bado wanasema "waite Umeme", lakini kampuni ya jina hilo iliondoka Machi 2025 na sasa nyaya ziko mikononi mwa UEDCL, kampuni ya serikali ya kusambaza umeme. Nenda ofisini kwao, omba wakate umeme siku ya kazi, na kazi isianze mpaka wafike. Kazi ianze asubuhi. Mvua zetu za alasiri huja na upepo kabla ya tone la kwanza.

Na wale wa mjini, muulize bosi wao kama vijana wake wana bima. Sheria yetu ya fidia inasema mfanyakazi akifa kazini na kuacha wanaomtegemea, mwajiri hulipa mapato yake ya miezi 60. Aliyelemaa moja kwa moja asiweze kazi yoyote hupata hesabu hiyo hiyo, na aliyelemaa kiasi hupata asilimia yake. Mimi kwa mkono wangu nilipewa laki moja na neno "pole". Sikujua kwamba kuna afisa kazi wilayani ambaye ningempelekea habari. Nilirudi nyumbani nikanunua sukari.

*Mzee, natumia pawasoo, yaani msumeno wa mnyororo wa injini, huku Mukono. Bosi amekata pesa ya mabuti kwenye mshahara wangu. Tena ananicheka kwa kuwa nikiwa juu nashika msumeno kwa mikono miwili, anasema nachelewesha kazi. — Kijana wa Pawasoo*

Mwanangu, endelea kuchelewa. Ncha ya lile bapa linalobeba mnyororo, hasa robo yake ya juu, ikigusa tawi jingine, msumeno wote unaruka kukurudia usoni kabla hujafumba jicho. Mkono mmoja hauwezi kuuzuia. Na mkono wa pili ulioshika tawi ndio unaokatwa. Waulize wenye makovu, wengi yako upande wa kushoto. Kama tawi haliwezi kukatwa kwa mikono miwili, hujakaa mahali pazuri. Shuka kidogo, jifunge upya, au tumia msumeno wa mkono.

Kuhusu mabuti: Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtwika mwajiri jukumu la vifaa vya kujikinga. Wewe jukumu lako ni kuvivaa. Nenda kwa afisa kazi wa wilaya ukiwa na karatasi ya mshahara. Kama unalipwa mkononi bila karatasi, nunua daftari leo, andika tarehe, kiasi ulichopewa na kiasi alichokata.