Mbuzi Wawili na Muhuri wa LC

SWALI: Ndugu Mhariri, kila nikifungua redio nasikia kwamba Uganda imepiga hatua kubwa katika haki za watoto. Hapa kwetu, karibu na Busia, binti wa jirani mwenye miaka 15 alipewa mimba na kijana wa bodaboda. Wazee wa pande zote mbili walikaa, wakaafikiana mbuzi wawili na fedha kidogo, makubaliano yakaandikwa kwenye karatasi ya daftari na kupigwa muhuri wa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Waliotia saini ni wanaume watano. Jina la binti halimo. Nilipouliza, nikaambiwa yamekwisha. Je, yamekwisha kweli?
Mama msomaji, Busia

JIBU: Hayajaisha, mama, wala hayangeweza kuishia pale. Kulala na msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai ambalo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha, na kwa kuwa mwenye kesi ni Serikali, baba wa binti hana anachoweza kukisamehe. Baraza la LC1 husikiliza madeni madogo na mifugo iliyokula mazao ya watu. Kosa hili haliko mikononi mwake, hata karatasi ipigwe mihuri kumi.

Hatua za redioni ni za kweli. Uganda iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990, Ibara ya 34 ya Katiba ya 1995 ikaweka haki hizo, Sheria ya Watoto ikafuata mwaka 1996, na marekebisho ya 2016 yakapiga marufuku viboko shuleni. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya ya jamii ulionyesha mwaka 2006 kwamba asilimia 25 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamezaa au wana mimba, na ule wa 2022 ukaonyesha asilimia 24. Sheria zimeongezeka, lakini hesabu karibu haijasogea, na kwa maoni yangu vikao kama hicho chenu ni sehemu kubwa ya sababu, kwa maana kijana anayelipa mbuzi wawili amefundishwa bei.

Jambo moja limenisikitisha zaidi. Kwa mujibu wa sheria, makamu mwenyekiti wa LC1 ndiye katibu wa masuala ya watoto kijijini, na ningependa kujua kama naye alikuwa miongoni mwa wale watano.

Wewe piga simu namba 116, inayoitwa Sauti (Kiswahili chetu kimepata kazi ya maana hapo), ambayo hailipiwi, au nenda polisi kwenye dawati la familia na watoto, au kwa ofisa wa ustawi wa jamii wa wilaya. Si lazima uwe mzazi ili utoe taarifa. Ile karatasi isichanwe, kwani waliodhani wanafunga kesi wameiandikia ushahidi.

Binti mwenyewe apelekwe kliniki mapema. Kuhusu masomo, mwongozo wa Wizara ya Elimu wa mwaka 2020 unamruhusu kurudi darasani baada ya kujifungua, kwa hiyo mwalimu mkuu akimkatalia, mlalamikieni kwa ofisa elimu wa wilaya, tena kwa maandishi, na safari hii jina la binti liwemo.