Ukikuta kiota cha kanga, weka panga chini

Msimu uliopita nilifyeka kiota cha kanga kwa mkono wangu mwenyewe. Ilikuwa Februari, kwenye nyasi za mpakani mwa shamba langu la alizeti huku Manyoni. Panga lilipita, kanga akaruka kwa kishindo karibu anipige usoni. Kutazama chini, mayai 11, mawili yamepasuka, na ndani ya moja kifaranga ameshaota manyoya. Nikakaa kitako.

Huruma ikaniingiza kwenye kosa la pili. Yale 9 niliyabeba nikamwekea kuku wangu aliyekuwa anaatamia. (Hata kisheria si sawa. Kanga wa porini ni wanyamapori, wanalindwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, na kuwachukua kunataka kibali.) Wakaanguliwa 7. Asubuhi ya pili kuku akawatoa mapema mno, akawapitisha kwenye majani yaliyojaa umande. Kufika jioni walikuwa wamebaki 3, na wale wengine nimewaokota mmoja mmoja, wamelowa chepechepe na shingo zimelegea.

Sisi humlaumu mwewe na nguchiro, kwa sababu hao tunawaona. Lakini kifaranga wa kanga akilowa hana ujanja: manyoya yake bado ni laini tu, maji yanapenya hadi ngozini, na mwili wenyewe mdogo, joto linamtoka upesi. Wiki 2 za kwanza ndizo ngumu kuliko zote. Na bahati mbaya wanazaliwa masika, nyasi zikiwa ndefu kuliko wao.

Siku hizi kabla ya kufyeka napita kwanza na fimbo, polepole, nikiangalia mashinani mwa nyasi. Kiota chenyewe ni kijishimo tu kilichokwanguliwa ardhini, na mama haondoki mpaka umkaribie kabisa, kwa hiyo usitegemee kelele zake. Nikikiona, naacha nyasi hatua kumi kila upande. Usiache kishungi kimoja kimesimama katikati ya uwanja mweupe, maana hapo umemwonyesha nguchiro njia, na watoto wa kijiji pia. Wala usiende kuchungulia kila siku. Kanga huatamia karibu wiki 4. Palizi ya kona hiyo inaweza kungoja.

Kufyeka kwenyewe naanzia katikati kuelekea pembeni. Ukizunguka kutoka pembeni kwenda ndani, vifaranga wanakimbilia katikati na mwisho unawakuta wote chini ya panga. Ukingoni sipulizi dawa ya wadudu, kwa sababu panzi na mchwa ndio chakula chao cha mwanzo. Kijia cha miguu kinachopita hapo nakiacha kipana, kisiote nyasi, wapate pa kuotea jua asubuhi. Mbwa nafunga. Paka wa jirani, hapo sina la kusema.

Ukikuta kifaranga yuko peke yake analia, ondoka. Mama yuko karibu, anasubiri upotee.

Mwaka huu kona ile ile wameanguliwa tena. Juzi magharibi nilijibanza nyuma ya mkwaju: watano wamesharuka tawi la chini pamoja na wakubwa, wa sita yuko chini anapapatika, anafika nusu, anaanguka, anajaribu tena.