Unayejifunza Kihispania, mkazo kwanza, msamiati baadaye

Juzi nimerudi Ngorongoro na familia moja ya Valencia, siku sita nimewaongoza mwenyewe bila mkalimani, na siku ya kuagana yule mama akaniuliza nimeishi Hispania miaka mingapi. Sijawahi kukanyaga! Nimefurahi sana wadau, maana miaka mitatu nyuma kampuni niliyokuwa naifanyia kazi ilininyang'anya wageni wa Kihispania kwa neno moja tu.

Ilikuwa geti la Tarangire. Mgeni kauliza habari ya kiingilio, mi nataka kusema bosi ameshalipa, ya pagó, alama juu ya o inaonyesha mkazo uko hapo mwishoni, mdomo ukatoa ya PA-go. Hiyo ni "nalipa sasa hivi". Wakakaa wananisubiri nilipe, silipi, wakaanza kunong'onezana kwamba kuna hela inaliwa hapa, jioni malalamiko yakafika ofisini. Sikuulizwa chochote. Inaniuma mpaka leo.

Sisi mkazo tunauweka silabi ya pili kutoka mwisho bila hata kufikiria, wa kubadili maana tunao kidogo tu, kama ba-ra-BA-ra ya magari na ba-RA-ba-ra ya sawasawa. Kwao mkazo ndio unafanya kazi ya ni- na a- zetu. Hablo naongea, habló aliongea. Hable aongee, hablé niliongea. Ukikosea umebadilisha mtu na wakati kwa mpigo.

Halafu silabi. Kwetu kila irabu inajitegemea, kwao i au u isiyo na mkazo ikikaa na a, e, o zinaungana, kwa hiyo estudio ni es-TU-dio, mi nilikuwa nasema es-tu-DI-o kama kimbilio. Ila ukiona alama juu ya i zinaachana: en-VÍ-o, ha-BÍ-a.

Mi nilichukua vitenzi kumi tu, nikawa napiga kofi kwenye usukani kila penye mkazo, pago, pagó, pago, pagó, miezi. Fanyeni hivyo, kwa sauti, kila siku. Na andikeni alama jamani! Mnanitumia meseji "ayer hablo con mi jefe", yaani "jana naongea na bosi wangu", halafu mnataka niwatafutie kazi, hapana, heshimuni lugha ya watu kwanza, alama siyo pambo.

Anzeni leo na hablábamos, tulikuwa tunaongea, ha-BLÁ-ba-mos, bl haigawanywi, mkazo uko wa tatu kutoka mwisho na mdomo wa Mswahili unaugomea. Mimi huo ulinichukua muda kuliko yote.