Kibodi kufa kwenye poti ya bluu, Limit CPUID, C1E na wenzake: yaliyonikuta

Mkuu nimesoma swali lako mara mbili. Umenunua kompyuta ya mezani iliyotumika, prosesa i5-3470, kibodi inakufa ukifika kwenye kuinstoli Windows 7, flashi ya USB 3.0 inakopi kama konokono, kuna mtu kakwambia uzime C1E na EIST (seting za prosesa) ili mashine iwe na spidi, "Limit CPUID" huielewi, halafu kila asubuhi ukiwasha mabadiliko yako yote yameshafutika. Nina steshenari yenye mashine nne, tatu ni hiyo hiyo i5-3470, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyagusa kwa mkono wangu.

Kabla ya yote chukua simu piga picha kila ukurasa wa hiyo BIOS, yaani ile programu ya ndani ya kompyuta inayoamka kabla ya Windows na yenye seting zote hizi, kama ulivyo sasa hivi. Kila ukurasa, hata ule wa saa. Halafu badilisha kitu kimoja, sevu na F10, washa, tumia kidogo, ndo urudi kwa kingine. Nasisitiza hili kwa sababu 2019 mimi nilibadilisha vitu saba kwa mpigo usiku mmoja, na mashine ilipogoma sikujua ni kipi kati ya vile saba.

Tuanze na USB maana ndo inayokutesa. Mashine ikiwaka Windows bado haipo, ipo BIOS peke yake, na yenyewe ndo inashika poti zote za USB. Windows ikifika inabidi ikabidhiwe, sawa na mlinzi wa usiku anavyomkabidhi funguo mlinzi wa mchana. Hiyo ndo maana ya "EHCI Hand-off" na "XHCI Hand-off" unazoziona. EHCI ni kidhibiti cha USB 2.0, XHCI ni cha 3.0. Zile seting ziliwekwa kwa ajili ya mifumo isiyojua kudai funguo yenyewe, Windows za siku hizi zinadai zenyewe bila kusaidiwa, kwa hiyo kama poti zako zinafanya kazi ziache zilivyo, usizichokonoe.

Kinachoua kibodi yako sio hicho, ni "xHCI Mode". Mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) za kizazi chako, za 2012 hivi, ndo za kwanza ambazo chipseti ya Intel (chipu ya kwenye bodi inayosimamia poti) yenyewe ilikuja na USB 3.0 ndani, na zile poti za bluu zinaweza kupita njia mbili, ama njia ya zamani ya EHCI ama njia mpya ya XHCI. Ukiweka Enabled unazilazimisha zipite njia mpya muda wote, sasa diski ya Windows 7 haina draiva (programu inayoifanya Windows ielewane na kifaa) ya USB 3.0 ndani yake, ndo maana kibodi inafanya kazi vizuri kwenye BIOS halafu ukifika kwenye kuchagua lugha taa ya Num Lock inazima na mausi haisogei. Kibodi ni nzima kabisa usiitupe. Chomoa kwenye bluu chomeka kwenye poti nyeusi, na flashi yenye Windows pia iweke kwenye nyeusi, utaendelea.

Ukiweka Disabled kibodi itafanya kazi popote lakini poti za bluu zitakuwa zinakimbia kwa USB 2.0, yaani kutoka gigabiti 5 kwa sekunde kwenye karatasi hadi megabiti 480, na naamini hapo ndo ilipo konokono yako, kuna mtu kabla yako aliizima ili ainstoli na hakuirudisha, au wewe mwenyewe umeizima ukitafuta dawa ya kibodi. Weka Auto, hiyo inaanza na njia ya zamani na draiva ikishapanda Windows inahamia mpya. Kuna nyingine inaitwa Smart Auto, yenyewe inakumbuka mara ya mwisho ilikuwa njia gani, mimi siipendi maana ukitoka kutumia Windows 10 halafu ukaja kuinstoli 7 inaweza kukuanzishia na ile ile mpya. Na baada ya kuinstoli 7 usisahau kuweka draiva ya USB 3.0 ya chipseti, bila hiyo poti za bluu zitaendelea kubaki na spidi ya zamani. Ningekuwa mimi ningeweka Windows 10 tu, draiva hiyo inakuja nayo, lakini umesema una programu ya kazi isiyokubali, sawa.

Sasa kuna moja naomba usiiguse, "Legacy USB Support". Mimi niliizima kwa sababu ya neno legacy, nikaona ni mambo ya kizamani hayanihusu. Kumbe hiyo ndo inayoifanya kibodi ya USB ijifanye kibodi ya zamani ili isomeke kabla Windows haijapanda. Windows ikawaka kawaida, wiki zikapita sikuona tatizo. Siku Windows ilipoharibika nikataka kubuti kwa flashi, nabonyeza Del niingie BIOS, nabonyeza F12 nichague flashi, hakuna kitu. Mazabodi nyingine zinakuachia kibodi ndani ya BIOS hata ukizima, yangu ilininyima mpaka huko. Wateja wamesimama na barua zao za kuprinti. Iliniokoa kibodi ya fundi jirani yenye plagi ya duara ya zambarau, ile PS/2, kwa nyuma ya mashine yako angalia utaona kama kuna tundu la zambarau. Zima mashine kabisa kabla ya kuchomeka, na uiangalie plagi kwa ndani, ina pini sita nyembamba na kijiti kipana cha plastiki, kile kijiti ndo kinachokuonyesha iingie upande gani, ukilazimisha pini inapinda. Nilichomeka, nikaingia, nikairudisha Enabled, dakika mbili. Kama tundu hilo huna, chomoa waya wa umeme, toa betri ya mazabodi dakika kadhaa, ukirudisha BIOS inaanza upya na kibodi inarudi.

Upande wa prosesa. Aliyekwambia uzime C1E na EIST sijui alikuwa anafikiria nini, labda anazungumzia watu wa ovakloki, wale wanaoisukuma prosesa ipite spidi iliyotengenezewa. EIST ndo inayoruhusu prosesa ishushe spidi ikiwa haina kazi, C1E inaishusha pamoja na volti ikiwa imekaa kimya. i5-3470 yako ni GHz 3.2, ikipumzika inashuka hadi 1.6, fungua CPU-Z, programu inayoonyesha spidi ya prosesa, uache mausi bila kugusa utaiona namba inashuka kwa macho yako, fungua Chrome inapanda papo hapo, hata huhisi. Mimi nilizizima zote mbili kwa mashine tatu. Spidi sikuona tofauti yoyote, nilichokiona ni feni haitulii kutwa nzima na chumba kimekuwa cha moto, na LUKU nanunua mimi. Nilipozirudisha kile kimya nilikisikia. Ziache Enabled.

"Limit CPUID Maximum" iwe Disabled, siku zote. CPUID ni ile amri ambayo mfumo unaiuliza prosesa "wewe nani, una nini", na Windows NT 4.0 ya 1996 ilikuwa inachanganyikiwa ikipewa jibu refu kuliko ililotarajia, kwa hiyo wakaweka seting ya kukata jibu. Sasa wewe ukiiwasha na Windows ya leo unauficha mfumo habari za prosesa yako mwenyewe, hata kori (zile sehemu za prosesa zinazofanya kazi) zinaweza kuhesabiwa vibaya.

"Execute Disable Bit" iache Enabled. Jina linatisha, ukisoma unaona kama inazuia kitu kisifanye kazi. Inachozuia ni virusi kuendesha kodi kutoka sehemu ya memori iliyowekwa kwa ajili ya data. Tena kuanzia Windows 8 mfumo hauinstoli bila hiyo, unakupa kosa la 0x0000005D, na watu wanakimbilia kusema prosesa ni ya zamani mno.

"Intel Virtualization Technology" ukitaka VirtualBox (programu ya kuendesha mfumo mwingine ndani ya Windows) au emyuleta ya Android iwashe, ukiona VirtualBox inakupa mifumo ya 32-bit tu wakati Windows yako ni ya 64 basi mara nyingi imezimwa. Kwa mwenye AMD itafute kwa jina la SVM. Hyper-threading, ile ya kori moja kushika kazi mbili (nyuzi mbili) kwa pamoja, hutaiona, i5-3470 haina, ina kori nne na nyuzi nne, usihangaike kuitafuta.

Na hilo la kila asubuhi kurudi ilivyokuwa, hiyo sio seting mkuu. Angalia saa ukiwasha, kama imerudi miaka ya nyuma basi betri imekwisha. Ni ile ya duara ya fedha, CR2032, volti 3, kama sarafu, maduka ya saa wanauza. Zima, chomoa waya ukutani, sukuma kile kibanio cha pembeni kwa ukucha itaruka yenyewe, mpya iweke maandishi yaangalie juu. Hapo BIOS itakuwa imeanza upya, kwa hiyo zile picha za simu ndo utazihitaji sasa. Na rekebisha tarehe kabla hujaingia intaneti, la sivyo kila saiti itakukatalia ikisema cheti cha usalama hakifai na utadhani umeharibu kingine. Ukimaliza rusha hapa picha ya ukurasa wa USB nione xHCI umeiweka wapi.