Maswali ya Wasomaji: WiFi ya mapokezi haifiki hemani, tufanyeje?

SWALI: Kaka habari za kazi. Sisi ni vijana wa kwaya hapa Kigoma, likizo huwa tunapiga kambi ufukweni pembeni ya Ziwa Tanganyika. Mwenye eneo katupa paswedi ya WiFi ya mapokezi bila shida, ila kutoka pale hadi kwenye mahema ni kama mita 150 na katikati kuna miembe, simu inashika kimstari kimoja tu na meseji ya WhatsApp inazunguka mpaka unakata tamaa. Nasikia watu wanatengeneza antena kwa makopo na makarai. Ni kweli au maneno tu?
– Msomaji, Mwanga, Kigoma

JIBU: Nzuri dada. Ni kweli na inafanya kazi vizuri tu, ila kabla hujagusa karai tembea kwanza. Chukua simu, weka programu yoyote ya kupima WiFi inayoonyesha dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi), zunguka kambi nzima ukiangalia namba. Zina alama ya kutoa mbele, ukiona -85 hapo hamna kitu, ukiona -65 mambo safi. Miembe ndo adui yako mkubwa maana majani yamejaa maji na maji yanameza mawimbi ya WiFi, unaweza kusogea hatua chache tu ukapata upenyo unaoona dirisha la mapokezi na namba ikapanda bila kutumia hata senti. Na kama inaonekana WiFi mbili za jina moja, shika ile ya gigahezi 2.4, ya gigahezi 5 ina spidi lakini kwenye miti inachoka mapema.

Sasa karai. Elewa kwamba antena ya kienyeji haizalishi nguvu mpya, inakusanya mawimbi yaliyotapakaa na kuyaleta sehemu moja, kama kioo cha tochi kinavyokusanya mwanga. Na inasaidia pande zote mbili, kupokea na kutuma, na hapo kwenye kutuma ndo watu wengi wanapasahau, mara nyingi simu inaisikia ruta (kile kifaa cha mapokezi kinachorusha WiFi) vizuri tu ila ruta ndo haiisikii simu.

Tafuta karai la chuma la mviringo, lile la kukaangia mihogo, sio sufuria maana sufuria ina kitako bapa na hakikusanyi kitu. Pima upana wa mdomo na kina chake. Upana uzidishe kwa wenyewe, afu gawa kwa kina mara 16. Mfano karai la upana wa sentimita 36 na kina sentimita 9: 36 mara 36 ni 1296, gawa kwa 144, unapata 9. Yaani mawimbi yanakutania sentimita 9 kutoka kitakoni, usawa wa mdomo wa karai kabisa. Hapo ndo unaweka adapta ya WiFi ya USB, ile ndogo ya kuchomeka kwenye laptop, unaifunga kwenye kijiti cha mbao au mwanzi (usitumie waya wala chuma) halafu unaiunganisha na laptop kwa waya wa USB wa kurefushia. Waya usizidi mita 5, ukizidi hapo adapta inaanza kupotea potea. Huna karai? Ungo uliotandikwa foili ya jikoni nao unafaa, hesabu ni ile ile, ila ungo hauna kina kwahiyo adapta itakaa mbali zaidi.

Elekeza karai kwenye mapokezi, afu geuza kidogo kidogo, taratibu, huku mwenzako anasoma namba. Adapta nayo isogeze mbele na nyuma nusu sentimita hivi, maana karai sio parabola kamili, yaani umbo lile la dishi. Ukitoka -85 ukafika -79 ujue nguvu imekuwa mara nne. Ukishapata pazuri zungushia mawe lisicheze na upepo wa ziwani.

Kama hamna laptop, weka simu moja ya Android hapo hapo pa adapta, penye sentimita 9, iunganishe na WiFi, kisha washa kushea intaneti kwa Bluetooth, wengine wadake kwake. Spidi ya Bluetooth ni ndogo ila meseji zitaenda.

Kopo nalo ni zuri lakini linataka vipimo na kulehemu, na uwe na adapta yenye tundu la antena ya nje. Liwe na kipenyo kati ya sentimita 7.5 na 9. Kwa la 9, kijiti cha shaba chenye urefu wa milimita 31 kinaingia ubavuni sentimita 5.1 kutoka kitakoni. Mimi kwa kambi ningechukua karai tu, mkimaliza mnakaangia samaki.

Na mmefanya vizuri kuomba paswedi. Kuingia kwenye WiFi ya mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, hata kama antena yako inaidaka.

SWALI: Shikamoo fundi. Sisi tunarina asali, tunakaa kambini porini huku Sikonge. WiFi hakuna, ila mtandao wa simu unakuja na kupotea. Hilo karai litatufaa?
– Msomaji, Tabora

JIBU: Marahaba. Karai la jikoni kwenu litasaidia kidogo sana. Mawimbi ya simu yanayofika mbali porini ni ya chini, kwa megahezi 900 wimbi moja lina urefu wa sentimita 33 hivi, karibu sawa na karai lenyewe, kwahiyo halikusanyi cha maana. Nyie mna kitu bora, miti na watu wanaojua kuipanda. Washa hotspot kwenye simu moja, iunge na pawabenki, itie kwenye mfuko wa kitambaa, ivute juu kwa kamba kama mnavyopandisha mzinga, mkae chini yake na simu zenu. Chagua mti ulio kwenye mwinuko, na mfuko ukae upande wa kivuli maana simu ikichemka inajizima. Mawingu ya radi yakianza kujikusanya ishusheni mapema, na nyie msikae chini ya mti huo.